Sauti Iwe Mkononi mwa Mtoto: Barua ya Wazi kwa Waandaaji wa Zabuni za Kompyuta za Shule

Kwa maofisa wa TEHAMA, maofisa ununuzi na wajumbe wa kamati zinazoandaa vipimo vya kompyuta na vishikwambi vya shule za msingi Tanzania.

YAH: VIDHIBITI SAUTI AMBAVYO WATOTO WENYE ULEMAVU HAWAWEZI KUVITUMIA

Waheshimiwa,

Rejeeni somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu katika shule ya msingi ya serikali mkoani Tanga. Nafundisha watoto wasioona, wenye uoni hafifu, wenye mtindio wa ubongo, wenye usonji, wenye ulemavu wa akili na wenye usikivu hafifu. Mahitaji yao hayalingani, lakini wakikaa mbele ya kompyuta wote hukwama mahali pamoja, kila mmoja kwa sababu yake: kupandisha sauti, kuishusha, kuizima na kuirudisha.

Nawaandikia nyinyi kwa sababu ndio mnaoamua mtoto atashika kifaa gani. Karatasi za vipimo vya zabuni nimezisoma. Zinataja ukubwa wa kumbukumbu, kasi ya prosesa, upana wa skrini, muda wa betri na miaka ya dhamana. Zikifika kwenye sauti, mara nyingi hutosheka na kusema kwamba spika ziwepo. Anayeweza kuzitumia ni nani, kwa kidole gani, kwa jicho lipi, hakuna anayeuliza.

Ningeweza kuwaandikia wenye viwanda na waunda programu walioko ng'ambo. Lakini mwenye kiwanda humsikiliza mteja, na mteja wa kompyuta za shule ni nyinyi. Wamarekani walilitambua hili zamani: kifungu cha 508 cha sheria yao, kilivyorekebishwa mwaka 1998, kinazitaka ofisi za serikali kuu zinunue na kutumia teknolojia inayotumika na watu wenye ulemavu. Ulaya wana kiwango EN 301 549, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2014, na tangu mwanzo kilikusudiwa kuwa mkononi mwa mnunuzi wa umma. Jirani zetu Kenya walitoa chao, KS 2952, mwaka 2022. Kwa hiyo siwaombi jambo la ajabu. Nawaombeni muitumie nguvu ambayo tayari mnayo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwa mtoto asiyeona, sauti ndiyo skrini yenyewe.

Mtoto asiyeona huitumia kompyuta kupitia programu inayosoma kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini. Kwenye kompyuta ipo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Inatolewa bure na ina sauti inayosoma Kiswahili. Kwenye vishikwambi vya Android ipo TalkBack. Sauti ikizimika, mtoto anayeona anakosa wimbo na anaendelea na kazi. Asiyeona amekosa kompyuta nzima.

Fikirini anavyoirudisha. Aikoni ya sauti imejificha kwenye kona ya skrini, na ili aipate anahitaji kusomewa na sauti ileile iliyozimika. Kimbilio lake ni vitufe vya kibodi. Vitufe vya F na J vina vinundu vidogo ili vidole vijue vilipo, lakini vitufe vya sauti kwenye kompyuta mpakato nyingi vimepangwa kwenye mstari wa juu kabisa, vyembamba, bapa, vyote sawasawa, kimojawapo kikiwa cha kuzima sauti kabisa. Kwenye mashine nyingine lazima kwanza ushikilie kitufe cha Fn, na ukikosea unazima mwanga wa skrini au unakata intaneti. Taa ndogo inayoonyesha kwamba sauti imezimwa haimfai kitu.

Basi mtoto hukaa kimya. Hajui kama sauti imezimwa, betri imekwisha au programu imeganda, maana mambo yote matatu kwake yanasikika vilevile. Nami mwalimu, mwenye darasa zima la kuhangaikia, nikimwona ametulia nadhani anasoma.

2. Kitelezi kimetengenezewa mkono usiotetemeka.

Kwenye skrini, sauti hupandishwa kwa kuburuta kidoti kwenye mstari. Kitendo hicho ni vitendo vinne: ulenge kidoti, ukibonyeze, ukisogeze bila kukiachia, kisha ukiachie mahali hasa unapotaka. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hukwama kwenye cha kwanza. Akifaulu kukamata kidoti, mkono ukimruka, sauti hutoka chini ikapaa hadi juu kabisa, naye akashtuka, na kushtuka kwenyewe kukaurusha mkono tena.

Wataalamu wameshalitolea kauli. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa maudhui ya wavuti, WCAG toleo la 2.2 la Oktoba 2023, unataka kila kinachofanyika kwa kuburuta kiwezekane pia kwa kubonyeza tu, na sehemu ya kubonyeza isipungue pikseli 24 kwa 24. Ngazi ya juu ya mwongozo huo inataka 44 kwa 44. Ni kweli uliandikwa kwa ajili ya tovuti, lakini mkono unaotetemeka hautofautishi tovuti na kona ya skrini.

Vitufe navyo vina kasoro yake. Kwenye Windows, kila mbonyezo wa kitufe cha sauti hubadilisha hatua 2 kati ya 100. Kutoka 20 kufika 60 ni mibonyezo 20, kwa mtoto ambaye mbonyezo mmoja ni kazi ya kutokwa jasho. Akiamua kushikilia kitufe, sauti hupaa hadi 100 kabla hajauondoa mkono. Mtoto huyu anahitaji hatua tano au sita kubwa, kila hatua kwa mbonyezo mmoja.

3. Sauti ya ghafla humpiga mtoto.

Wapo watoto wenye usonji ambao sauti kali huwaingia kama maumivu. Somo la kwanza limerekodiwa kwa sauti ya chini, tunapandisha. Somo la pili limerekodiwa kwa sauti ya juu, na linaanza lenyewe kabla hatujagusa kitu. Mtoto anaziba masikio, anaingia chini ya dawati, na asubuhi yote imekwisha kwake. Kesho yake kompyuta ikiwashwa tu anaanza kulia, hata kabla haijatoa sauti.

WCAG ilikataza hili tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008: sauti inayoanza yenyewe na kuendelea zaidi ya sekunde 3 lazima iwe na njia ya kuisimamisha au kuipunguza. Watangazaji wa Ulaya nao wana pendekezo R 128, la mwaka 2010, la kusawazisha ukubwa wa sauti kati ya kipindi na kipindi, ili mtazamaji asilazimike kurukia rimoti kila tangazo linapoingia. Kama mtazamaji wa runinga sebuleni ametungiwa kanuni, mtoto wa darasa la pili amekosa nini?

Lipo pia suala la usalama wa masikio. Shirika la Afya Duniani na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, wana kiwango kiitwacho H.870 kuhusu vifaa vya kusikilizia. Kwa watoto kinaelekeza desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu na muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 78 ni saa 20, 81 ni saa 10, 84 ni saa 5 tu kwa wiki nzima. Mtoto anayeanza masomo kwa hedifoni iliyopandishwa hadi mwisho, kwa kuwa hajui kuishusha, anaweza kumaliza shule na ulemavu ambao hakuja nao.

Hapa naomba tuelewane. Sitaki kiwanda kifunge sauti chini kwa kila mtoto. Mwenye usikivu hafifu anahitaji sauti ya juu kuliko jirani yake, na kumfungia kikomo kilekile ni kumfukuza darasani kwa njia nyingine. Kikomo kinatakiwa kiwekwe na mtu mzima anayemjua mtoto, kilindwe kwa nywila, na kibaki kilivyo kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Kwamba mtu mzima anaweza kupewa mamlaka ya namna hiyo si ndoto: iPad ina mpangilio wa Guided Access, unaomruhusu mwalimu, pamoja na mengine, kuvifunga vitufe vya sauti mtoto anapokuwa ndani ya somo.

4. Sauti moja, funguo nyingi.

Kompyuta ya shule huwa na sehemu tatu au zaidi za kudhibiti sauti: ndani ya programu ya somo, ndani ya mfumo wa kompyuta, na kwenye spika au hedifoni yenyewe. Mojawapo ikiwa sifuri, zote ni sifuri. Mtu mzima anayesoma vizuri huhangaika nazo mpaka akapiga meza. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, tuliyemfundisha kwa wiki nyingi kwamba kubonyeza hapa kunaleta sauti, siku kitendo kilekile kisipoleta sauti anajifunza kwamba kompyuta haiaminiki na mwalimu wake pia.

Alama zenyewe hazimsaidii. Spika ndogo yenye mistari ya mawimbi, kisha spika ileile ikiwa na mkwaju au alama ya kukosea, hazina maana mpaka ufundishwe. Mtoto mwenye ualbino, ambaye mara nyingi ana uoni hafifu, anatafuta alama ndogo ya kijivu juu ya kijivu. Katika Windows 11, aikoni ya sauti imeunganishwa na ya mtandao na ya betri kuwa kitufe kimoja: ukibonyeza, hufunguka paneli yenye mambo mengi, na sauti ni mstari mmoja kati ya hayo.

Kwenye vishikwambi vya Android, sauti ya muziki na video iko peke yake, ya mlio wa simu peke yake, ya kengele peke yake. Tangu Android 8, TalkBack ikiwashwa, sauti ya msomaji nayo imetengwa. Utengano huo ni mzuri sana, kwa kuwa mtoto asiyeona anaweza kumsikia msomaji juu ya somo. Lakini mwalimu asipoelezwa, ataona kishikwambi kinachopandishwa sauti bila kupanda. Zaidi ya hayo, njia ya mkato ikiwa imewashwa, kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache huwasha TalkBack. Mtoto ambaye misuli yake hukaza akishika kitu huvibana vyote viwili bila kukusudia. Ghafla kishikwambi kinaanza kuongea, na mguso mmoja haufungui kitu tena, lazima miwili. Mwalimu anasema kimeharibika, anakifungia kabatini, na huo ndio unakuwa mwisho wake.

5. Msaada uliopo umefichwa, tena kwa Kiingereza.

Mtoto anayesikia kwa sikio moja hukosa nusu ya somo lililorekodiwa kwa pande mbili, msimulizi kushoto na ngoma kulia. Dawa yake ipo kwenye Windows, kwenye Android na kwenye iPad: mpangilio wa mono, unaochanganya pande zote mbili na kuzipeleka kwenye masikio yote. Vilevile Android, tangu toleo la 9, ina menyu ya ufikivu yenye vitufe vikubwa kwenye skrini, vikiwemo vya kupandisha na kushusha sauti, bila kuburuta chochote. Vitu hivi vimeshalipiwa ndani ya bei mliyokubali. Lakini vimezikwa chini ya menyu juu ya menyu, na vifaa hutufikia vikiwa vimewekwa kwa Kiingereza, hata vishikwambi vya Android ambavyo vina Kiswahili ndani yake. Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili, watoto wanaosoma kwa Kiswahili, kishikwambi kinachojua Kiswahili, na hakuna aliyekibadilisha lugha kabla ya kukigawa.

6. Madarasa yetu yana kelele zake.

Mvua ikipiga bati, spika ndogo iliyotazamishwa chini ya kompyuta mpakato haisikiki hata na mwenye masikio mazima. Mvua ikikatika ghafla, sauti iliyopandishwa kushindana na bati inabaki juu, na ndiyo inayomrarua mtoto mwenye usonji. Kwa hiyo kwetu sauti hurekebishwa mara nyingi kwa siku, na mtoto asiyeweza kuirekebisha mwenyewe lazima aombe kila mara.

Zamani kurekebisha sauti kulikuwa rahisi. Redio ya betri ilikuwa na kitufe cha kuzungusha. Ulikizungusha kikalia "tak", redio ikawaka. Ukiendelea, sauti ikapanda taratibu. Ukirudisha mpaka ilie "tak" tena, imezimika. Mzee asiyeona aliitawala redio yake bila kumwita mjukuu, na mwenye mkono mzito aliweza kukizungusha kwa kiganja. Kidole kilijua sauti iko wapi hata kabla mtangazaji hajafungua kinywa. Huo ndio urahisi tulioupoteza tulipohamishia kila kitu kwenye kioo.

Najua majibu mtakayopewa mkilipeleka hili vikaoni.

Mtaambiwa kwamba mwalimu atamsaidia. Mwalimu anamsaidia, ndiyo, akifika. Lakini mtoto ambaye kila siku anasubiri mtu mwingine amwamulie ni kiasi gani kinaingia masikioni mwake anafundishwa jambo lisilo kwenye mtaala: kwamba starehe na maumivu ya mwili wake vimo mikononi mwa watu wengine. Tunamwandaaje mtoto huyo kujitegemea, wakati hata kusema "inatosha" kwa kubonyeza kitufe hawezi?

Mtaambiwa kwamba watoto hao ni wachache. UNICEF mwaka 2021 ilikadiria watoto wenye ulemavu duniani kuwa karibu milioni 240. Hata mngekuwa na mmoja tu kwenye shule, bado kitufe chenye alama ya kugusika hakimzuii mtoto mwingine yeyote, na sauti isiyoanza kwa kishindo inawafaa wote, pamoja na mwalimu wa darasa la jirani.

Mtaambiwa pia kwamba ni gharama. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, umelijibu hilo katika Ibara ya 9: teknolojia ya habari na mawasiliano ifanywe kuwa fikivu tangu hatua za awali za usanifu na uzalishaji, ili gharama iwe ndogo. Gharama kubwa ni ya kununua kwanza na kurekebisha baadaye. Sheria yetu wenyewe ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, haikuandikwa ili ipambe rafu.

Na vifaa vya nyongeza si vya ajabu. Kitufe cha kuzungusha kinachochomekwa kwenye tundu la USB kinatambuliwa na kompyuta bila programu yoyote ya ziada, kwa sababu amri tatu za kupandisha, kushusha na kuzima sauti zimo ndani ya kanuni za kawaida za USB zinazotumiwa na kibodi za USB. Fundi kijana anayejua kuunganisha saketi anaweza kukitengeneza, akakifunga ndani ya kiboksi cha mbao, akaweka juu yake gurudumu la saizi ya kiganja cha mtoto.

Baada ya hayo, maombi yangu ni haya.

1. Kila zabuni ya kompyuta au kishikwambi cha shule iwe na kipengele cha sauti kinachojitegemea. Kipengele hicho kitake vitufe halisi vya kupandisha na kushusha sauti, vyenye alama ya kugusika, vinavyofanya kazi bila Fn, na kitufe cha kuzima sauti kiwe mbali navyo. Mashine isiyo na vitufe hivyo iletwe na kitufe cha kuzungusha cha USB kwa bei ileile ya zabuni.

2. Kabla ya kupokea mzigo, kamati ya mapokezi iwape watoto wenyewe wajaribu. Mtoto asiyeona azime sauti na kuirudisha bila kusaidiwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo atoke sauti ya chini hadi ya kati bila kuburuta chochote. Mwalimu aweke kikomo, mashine izimwe, iwashwe, na kikomo kikutwe palepale. Kifaa kikishindwa jaribio lolote, kirudi kwa mzabuni kama kinavyorudi kisichowaka.

3. Vifaa viandaliwe kabla ya kugawiwa: lugha iwe Kiswahili, programu ya kusoma skrini iwepo na ianze kwa njia ya mkato inayojulikana, menyu yenye vitufe vikubwa iwashwe, na njia ya mkato ya vitufe viwili vya sauti izimwe kwa mtoto asiyeihitaji. Kazi hiyo iandikwe kwenye mkataba kuwa ya mzabuni, asiachiwe mwalimu usiku chini ya taa.

4. Kila mtoto awe na mipangilio yake. Kompyuta moja huzunguka kwa watoto wengi, na kikomo cha mwenye usonji hakifai kwa mwenye usikivu hafifu. Akaunti tofauti kwa kila mtoto, yenye picha anayoitambua, inatosha. Kikomo cha hedifoni kifuate H.870, na mwalimu aweze kukibadilisha kwa ushauri wa mtaalamu wa masikio.

5. Taasisi ya Elimu Tanzania na wote wanaotengeneza masomo ya sauti na video wasawazishe sauti kati ya somo na somo, waache kuanzisha sauti bila mtoto kubonyeza, na waweke alama kubwa za kujumlisha na kutoa badala ya kitelezi. Anayetengeneza somo akichagua kiwango kimoja cha sauti na kukishika, ametuondolea nusu ya tabu iliyoelezwa hapa.

6. Vyuo vinavyoandaa walimu wa elimu maalumu, Patandi kikiwa mojawapo, viingize mipangilio ya sauti kwenye mafunzo kwa vitendo. Na kila kifaa kije na karatasi moja ya Kiswahili, yenye picha, ya kubandika ukutani: sauti ikipotea, angalia hapa, kisha hapa, kisha hapa. Walimu wengi walipewa vishikwambi baada ya Sensa ya 2022. Karatasi hiyo iwafikie na wao.

7. VETA na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam zipewe oda ndogo ya majaribio ya vitufe vya kuzungusha na vitufe vikubwa vya kubonyeza kwa kiganja au kiwiko. Fedha ikae nchini, na kikiharibika tujue mlango wa kugonga.

8. Shirika la Viwango Tanzania litoe mwongozo mmoja ambao kila zabuni ya vifaa vya shule itautaja kwa namba, ili ofisa ununuzi wa halmashauri ya mbali asilazimike kubuni vipimo peke yake. Kazi ya Kenya na ya Ulaya ipo mezani ya kujifunzia.

Waheshimiwa, kati ya maombi hayo nane, yapo yanayohitaji fedha na yapo yasiyohitaji hata shilingi. La pili na la tatu yanaweza kuanza na mzigo unaofuata. Zabuni ikishasainiwa, kasoro iliyosahaulika ndani yake huishi darasani mpaka mashine zichakae, na katika miaka hiyo mtoto aliyeingia darasa la kwanza amefika la mwisho akiwa bado anainua mkono kuomba apunguziwe sauti. Hatakuwa amejifunza kompyuta. Atakuwa amejifunza kukaa karibu nayo.

Naombeni majibu, na yawe ya hadharani kama ilivyo barua hii: kipengele gani kitaingia kwenye zabuni ijayo, nani atakisimamia, na jaribio la kwanza la watoto litafanyika wapi. Mkikosa mahali pa kulifanyia, mlango wa darasa langu uko wazi siku yoyote ya kazi. Njooni na wazabuni wenu, mje na mashine wanazozisifia, mziweke mbele ya watoto, nanyi msimame nyuma bila kugusa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu,
Tanga.

Nakala:
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia
OR-TAMISEMI
Taasisi ya Elimu Tanzania
Shirika la Viwango Tanzania
SHIVYAWATA
Kamati za shule zote zenye vitengo vya elimu maalumu